Maswali ya Wasomaji: Zawadi kwa Dada Mkubwa

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zinauliza jambo moja. Kila mwandishi ana dada mkubwa aliyembeba, na utotoni wawili hao walikuwa na kitu walichokipenda kupita kiasi. Sasa mdogo mtu anataka kukifufua kitu hicho na kumrudishia dada kama shukrani. Majibu yetu yameelemea kwenye ufundi, kwa sababu vitu vya zamani huharibiwa zaidi na mwenye nia njema na haraka kuliko na miaka.

Utotoni mimi na dada yangu tulicheza utangazaji wa redio. Yeye mtangazaji, mimi mgeni wa studio, na tulirekodi kila kitu. Zimebaki kaseti nne za C-60 (dakika 30 kila upande) na moja ya C-120. Ni yeye aliyesimama nami nyumbani wote walipokataa nisisomee utangazaji. Nataka kumpa sauti hizo kwenye simu yake. Nifanyeje nisiziharibu? – Mgeni wa Studio

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, vunja vilimi viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa kaseti, mkabala na upande unaoonyesha utepe. Vikishavunjwa, kitufe cha kurekodi hakishuki, na hakuna atakayeifuta sauti ya dada kwa bahati mbaya. Ukikuta vimeshavunjwa, ujue mtangazaji wako alikuwa makini tangu zamani.

Kisha ishike kaseti kwenye mwanga na uchungulie kidirishani. Ukingo wa utepe uliojiviringa unatakiwa uwe bapa na wa rangi moja. Unga mweupe au madoa ya kijivu ni ukungu. Kaseti ya namna hiyo itie kwenye mfuko wake peke yake na uiweke kando hadi impate fundi wa kuisafisha. Ukiicheza, ukungu utahamia kwenye hedi ya redio, yaani kile kipande cha chuma kinachousoma utepe, na hedi itaupaka kwenye kaseti zote zitakazofuata.

Tazama pia kile kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa juu ya springi bapa, katikati ya uwazi wa mbele. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, sufi ikadondoka, na hapo sauti hufifia, herufi "s" zikapotea, watu wakaanza kuilaumu redio bure. Dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine, iliyofungwa kwa skrubu na si kwa gundi. Laza kaseti zote mbili mezani, skrubu zikiangalia juu. Fungua skrubu tano, inua nusu ya juu polepole bila kuzisogeza roda (magurudumu yanayoviringia utepe), halafu piga picha ya ndani kabla hujagusa kitu. Utaona roda mbili, vigurudumu viwili vya pembeni, sufi na springi yake, bamba dogo la chuma nyuma yake, na karatasi mbili telezi, moja chini na moja juu. Hizo karatasi ndizo zinazosahaulika. Bila hizo roda hukwaruza ganda, kaseti inalia, na mwishowe inakwama.

Sasa redio yenyewe. Tumia pamba ya kijiti na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Iliyochanganywa na maji mengi huchelewa kukauka. Sugua hedi, mhimili mwembamba wa chuma ulio pembeni yake, na gurudumu la mpira linalougusa mhimili huo. Endelea mpaka pamba itoke haina kahawia. Redio "ikila kanda", mara nyingi mkosaji ni gurudumu hilo la mpira lililoingia uchafu na kuanza kuteleza, au mkanda wa mota uliolegea kiasi kwamba roda ya kupokea haivuti utepe kwa nguvu inayotakiwa. Acha pakauke, halafu jaribu kwa kaseti usiyoijali, dakika kumi nzima. Ikipita salama, ndipo ulete ya dada.

Zile C-60 zipeleke mbele hadi mwisho na uzirudishe hadi mwanzo bila kusimama njiani, ili matabaka yaliyogandana yaachane. Ile C-120 usiifanyie hivyo kwa mota. Ili dakika 60 zienee kila upande, utepe wake umetengenezwa mwembamba, karibu nusu ya unene wa C-60, na mshtuko wa kusimama ghafla unaweza kuuvuta au kuukata. Izungushe kwa mkono, kwa kalamu yenye pembe sita, polepole.

Ukikatika, usikimbilie selotepu ya kawaida: gundi yake huvuja pembeni na kushika mzingo unaofuata. Ipo tepu maalumu ya kuunga kanda, yenye upana ule ule wa utepe, milimita 3.81. Kata ncha zote mbili kwa pamoja kwa mshazari, zigusanishe bila kupandana, bandika upande wa nyuma, yaani ule usiogusa hedi, kisha sugua kwa ukucha.

Kuingiza kwenye kompyuta kunahitaji waya wenye ncha za milimita 3.5 kutoka tundu la hedifoni la redio. Hapa ndipo wengi hupotea. Tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi limetengenezwa kwa ishara dhaifu, kwa hiyo sauti ya redio ikiingizwa humo inapasuka hata ukiipunguza. Tumia kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la "line". Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa faili ya WAV, biti 16, hezi 44,100. Dakika moja ya stereo hula takriban megabaiti 10, kwa hiyo upande mmoja wa C-60 ni kama megabaiti 300. Weka kiwango ili vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -6. Dada akipiga kelele ya ghafla, na watoto hupiga, ile nafasi iliyobaki ndiyo itakayokuokoa.

Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi ilhali sufi ipo na hedi ni safi, huenda hedi haijakaa sambamba na ile iliyorekodi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayokaa juu ya springi. Redio nyingi zina kitundu cha kuifikia kaseti ikiwa inacheza. Tia alama ya wino mahali ilipo, halafu izungushe kidogo sana, chini ya robo mzunguko, ukisikiliza "s" na "sh" tu. Zitakapong'aa, simama hapo. Ukimaliza, irudishe kwenye alama.

Jambo jingine la redio za betri: betri zilipokuwa zinakufa wakati wa kurekodi, mota ilizunguka polepole, na leo ikichezwa kwa mwendo sahihi sauti zinatoka za haraka na nyembamba kuliko zilivyokuwa. Kwa watoto si rahisi kugundua. Tafuta kitu cha nyuma chenye mwendo unaojulikana, kwa mfano saa ya ukutani inayogonga sekunde, kisha punguza kasi kwenye programu mpaka mapigo yake yalingane na saa yako.

Kuhusu kusafisha mvumo: punguza desibeli 6 hivi, usizidishe. Ukikaza sana, sauti hugeuka kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba la maji. Na usikate mibonyezo ya vitufe, kunong'onezana "sema wewe", wala ule ugomvi wa nani ashike maikrofoni. Tunga nakala fupi za MP3, moja kwa kila "kipindi", ukizipa majina yale yale mliyoyatangaza, na faili kamili za WAV zihifadhi mahali pawili tofauti bila kuzigusa.

Nilimkumbusha dada yangu mkubwa jinsi alivyokuwa akinifundisha kuchora kila jioni. Akasema hakumbuki. Nimevunjika moyo. Bado nimpe zawadi? – Kitinda Mimba

Mpe. Kwako ilikuwa ni kila jioni ya utoto. Kwake huenda ilikuwa kazi mojawapo kati ya nyingi alizotwishwa kwa sababu ya ukubwa. Usimfanyie mtihani wa kumbukumbu. Badala ya "unakumbuka?", mwonyeshe mchoro wenyewe na umwambie mstari upi ni wake na upi ni wako. Mkono humtambua mwenyewe kabla ya kichwa.

Dada yangu alianzisha albamu ya stempu akiwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa mtumishi wake wa kuloweka bahasha. Alipoanza kujitegemea akaniachia yote, na leo nataka kumrudishia ikiwa nadhifu. Kurasa nyingine zimegandana, kuna stempu alizoziweka kwenye nchi zisizo zake, na kuna kopo zima la vipande vya bahasha ambavyo hatukuwahi kuviloweka. – Mtumishi wa Stempu

Kazi ya kopo tuianze, maana ndiyo inayoharibika kirahisi. Gawa vipande mafungu matatu. Fungu la kwanza ni stempu zilizo kwenye karatasi nyeupe. La pili ni zilizo kwenye karatasi ya rangi, hasa nyekundu, kijani na kahawia, au zenye mhuri wa wino wa zambarau. Rangi hizo huchuja na kuzipaka jirani zake. La tatu ni zile za kujibandika zenyewe bila kulambwa. Nyingi za hizi gundi yake haiyeyuki kwa maji, na kuziloweka ni kuzipoteza. Zikate tu pamoja na karatasi yake, ukiacha ukingo wa milimita tano kila upande.

Fungu la kwanza litie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, uso ukiangalia juu, zisizidi kumi au kumi na tano kwa mara moja. Subiri dakika 15 hadi 30. Stempu iliyo tayari huteleza yenyewe, ikishikilia, iache. Nguvu hapa hung'oa ngozi ya nyuma, na mahali palipong'oka huonekana hata mbele ukiishika kwenye mwanga. Zisuuze kwenye maji mapya, kwa sababu maji ya kwanza yamejaa gundi. Zitandaze kifudifudi kwenye karatasi ya kunyonya wino au karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Kamwe usitumie gazeti. Zikishakuwa na unyevu kidogo tu, zihamishie kati ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito zilale humo usiku kucha, la sivyo zitajikunja kama maganda. Fungu la pili loweka moja moja, kwa maji baridi, na utoe mara tu inapoachia.

Shika kwa koleo ndogo ya ncha bapa, si kwa vidole. Mafuta ya ngozi hayaonekani leo, ila huacha doa baadaye. Na stempu mpya, ambayo bado ina gundi yake ya nyuma na haijapigwa mhuri, haiingii majini kwa sababu yoyote ile.

Kurasa zilizogandana ni shughuli ya subira. Usiweke mvuke, usipige pasi. Iache albamu mahali pakavu penye hewa, imesimamishwa wima na kufunguka kidogo, kwa siku kadhaa, halafu pitisha karatasi nyembamba telezi kutoka kwenye kona iliyo huru. Pale inapokataa, acha. Vile vibandiko vidogo vya karatasi vilivyozishikilia stempu hutoka vyema vikiwa vikavu kabisa. Vikiwa na unyevu huondoka na karatasi ya stempu. Stempu ambazo dada alizibandika kwa gundi ya shule au selotepu ziache zilivyo. Thamani yake sokoni imekwisha siku ile ile, na thamani yake kwenu haijapungua.

Ukinunua kurasa za kinga, epuka plastiki laini ya PVC yenye harufu kali. Hutoa kilainishi chake taratibu, stempu zikanata na rangi zikahama. Chagua poliesta au polipropilini. Albamu isimame rafuni kama kitabu. Zikirundikwa, uzito hugandisha upya kile ulichokitenganisha.

Tumebaki na makosa ya dada. Stempu zenye kichwa cha malkia au mfalme bila jina la nchi yoyote karibu zote ni za Uingereza. Nchi hiyo ndiyo iliyoanza na stempu za kubandika, ile "Penny Black" ya mwaka 1840, na mpaka leo haiandiki jina lake. Helvetia ni Uswisi, Magyar ni Hungaria, Suomi ni Ufini, Sverige ni Uswidi, CCCP ni Muungano wa Kisovieti. Mtoto wa miaka tisa hakuwa na namna ya kuyajua hayo. Usihamishe kitu. Mpangilio wake ni sehemu ya albamu kama zilivyo stempu zenyewe. Andika jibu kwa penseli laini, 2B, kwenye kipande cha karatasi kilicho huru, ukiweke mkabala na ukurasa husika. Aamue mwenyewe kama anataka kusahihishwa.

Naweza kutengeneza zawadi, lakini barua ya kuambatanisha inanishinda. Kila nikiandika naishia "asante kwa kila kitu". Naogopa pia ataona nimezidisha. – Mdogo Wake

"Asante kwa kila kitu" haimfikii mtu, kwa sababu hana pa kuishika. Chagua tendo moja. Tuseme dada alikuwa akisikiliza mazoezi yako ya ngoma au filimbi hata ulipokuwa mbovu. Andika ni wapi mlikaa, ni saa ngapi za siku, alifanya nini kwa mikono yake wakati unarudia kosa lile lile, na alisema nini. Halafu andika alichokiacha ili afanye hivyo: labda shoga zake walikuwa wanamngoja nje. Sehemu hii ndiyo inayokosekana kwenye barua nyingi za shukrani, na ndiyo inayomwonyesha kwamba uliona. Mwisho, taja kitu kimoja unachokifanya sasa ambacho kimetokana na jioni zile. Nusu ukurasa inatosha.

Yapo ya kuacha nje. Usimlinganishe na ndugu wengine. Barua husomwa na wengi kuliko uliowakusudia. Usiingize deni, ombi wala samahani ya ugomvi wa zamani. Samahani iandikie barua yake. Na kama aliacha masomo au mipango yake ili wewe upite, litaje hilo waziwazi kwa sentensi moja, bila kumfanya masikini wa hadithi. Yeye aliamua, mheshimu kama mtu aliyeamua.

Hofu ya kuzidisha ina jibu la watafiti. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani na kukisia zitapokelewaje. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu zaidi kuliko walivyoona kweli, na hawakukisia kiasi cha furaha na mshangao ambavyo barua zililetea. Waandishi walihangaikia ufasaha wao, ilhali wapokeaji walijali zaidi ukunjufu wa maneno. Kwa hiyo barua yako yenye sentensi mbili zilizopinda itume hivyo hivyo, kwa mwandiko wako. Mwachie aisome peke yake. Kumsimamia mtu anaposoma ni kumdai machozi.

Tulikuwa na daftari la hadithi za picha. Dada aliandika, mimi nilichora. Pini zimeota kutu na karatasi za katikati zinachomoka. Nilifikiri kulifanyia laminesheni ukurasa kwa ukurasa. – Mchoraji

Laminesheni hapana. Joto huyeyusha baadhi ya wino, plastiki hainasuki tena, na daftari haliwi daftari tena bali rundo la kadi.

Kwanza piga nakala ya kila ukurasa kwa skana, kwa rangi hata kama ni penseli tupu, dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa maandishi na 600 kwa michoro midogo. Huna skana? Simu inafaa, daftari likiwa limelala karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa.

Kutoa pini, fungua daftari katikati. Ingiza kipande cha kadi nyembamba chini ya miguu ya pini, inua mguu mmoja kwa kisu butu mpaka usimame wima, halafu wa pili, ndipo uisukume pini itoke kwa nje. Ukiivuta kabla miguu haijanyooka, inachana mkunjo. Vumbi la kutu liondoe kwa brashi kavu. Maji yataligeuza doa. Wino wa kalamu na wa fetipeni usiuguse kwa spiriti, na selotepu ya zamani iliyogeuka njano usiing'oe.

Kushona upya ni tundu tatu tu. Kwenye daftari la urefu wa sentimita 21, toboa kwenye mkunjo sentimita 3 kutoka juu, katikati kabisa, na sentimita 3 kutoka chini. Kata uzi imara wa kitani au pamba, sentimita 60, uupitishe kwenye mshumaa. Anza ndani: toka nje kwa tundu la kati, ingia kwa la juu, ruka la kati kwa ndani mpaka la chini, toka nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Hakikisha ncha mbili zimeukumbatia ule uzi mrefu wa ndani, moja kila upande, ndipo ufunge. Unapokaza, vuta uzi kwa kufuata mkunjo, usivute kuelekea kwako, kwani karatasi laini ya shule itachanika tundu kwa tundu. Karatasi za katikati zilizoachana kabisa kwenye mkunjo zinahitaji kwanza kuunganishwa kwa ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga, upana wa sentimita moja, na kukauka chini ya uzito.

Nafasi mliyoiacha wazi kwenye ukurasa wa mwisho isijazwe na wewe. Mwandishi bado yupo.

Dada ndiye aliyenifundisha kurusha vishada. Nataka nitengeneze kimoja turushe tena, lakini vyangu viwili vimejisokota na kuanguka. – Mshika Kamba

Umbo la almasi lenye mti wa wima wa sentimita 90 na wa kulala wa sentimita 80 ni rahisi kurekebisha. Miti ipishane robo ya urefu kutoka juu, yaani kama sentimita 22. Pasua mwanzi, na kabla ya kufunga, weka ule wa kulala juu ya kidole katikati yake. Upande unaoinama uparuze mpaka utulie. Hatua hii wengi huiruka, kisha wakashangaa kishada kinaegemea upande mmoja siku zote.

Zungushia uzi ncha nne, tandika karatasi nyepesi au plastiki nyembamba, acha ukingo wa sentimita 2 wa kukunjia. Hatamu ni kamba ya sentimita 115 hivi, ncha moja juu ya mti wa wima na nyingine chini. Ifungie kitanzi kinachoweza kuteleza, kikae juu kidogo ya usawa wa mapishano. Mkia uwe kati ya mita 4.5 na 6.

Vyako vinajisokota kwa moja ya sababu tatu. Mkia ni mfupi: ongeza mita moja. Kitanzi kiko chini mno, upepo ukakipiga kishada kifua wazi: kisogeze juu sentimita moja, ujaribu tena. Au upepo wenyewe ni mkali kuliko mti. Wa kufaa ni ule unaotikisa majani na vijitawi bila kukoma, kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa. Ikiwa badala yake kishada kinaelea bila kuvuta na kupapatika, kitanzi kimepanda mno, kishushe.

Msikimbie. Mmoja asimame na kishada mita 20 au 30 mbele, upepo ukitoka mgongoni kwa mshika kamba, akiinue juu ya kichwa, na mwenye kamba anapovuta akiachie bila kukirusha. Muwe mbali na nyaya za umeme, kamba iwe kavu, na mawingu ya radi yakionekana mteremshe mara moja. Kumbuka tu kuuliza kabla nani ashike nini. Huenda miaka yote ile dada alikuwa anakuachia kamba.